Dakika 15 kwa mchezaji, miezi kwa mwandaaji

Kanuni za pool za dunia, zile zinazosimamiwa na shirikisho la WPA, hazimwachii nafasi mchezaji anayechelewa. Muda wa mechi ukifika naye hayupo, anahesabiwa dakika 15. Waandaaji wanashauriwa kuita jina lake baada ya dakika 5, waliite tena baada ya dakika 10, na kumpa onyo la mwisho ikiwa imebaki dakika 1. Dakika hizo zikiisha hajafika mezani akiwa tayari kucheza, amepoteza. Mpinzani wake anapewa ushindi wa chee bila kugusa hata mpira mmoja, na nauli ya ndege, ada ya ushiriki, malipo ya hoteli na mazoezi ya mwaka mzima vinaishia kwenye mstari mmoja wa droo. Mwenye mazoea ya kuchelewa anaweza kuwekewa sharti kali zaidi ya hilo.

Sasa tuitazame saa ya upande wa pili. Septemba 2006, mjini Reno katika jimbo la Nevada, Efren Reyes wa Ufilipino alimfunga Rodney Morris wa Marekani 8-6 katika fainali ya World Open ya International Pool Tour, au IPT kama ilivyozoeleka. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 500,000, na jumla ya zawadi zote dola milioni 3, kiasi ambacho mchezo huu haukuwahi kukiona. Wachezaji walitoka mabara mbalimbali, wakafika mezani kwa saa waliyopangiwa, wakacheza. Mashindano yalipokwisha, IPT ikatangaza kwamba haina uwezo wa kulipa kwa mkupuo. Fedha zikaanza kutoka kwa mafungu, na wachezaji wakabaki nyumbani kwao wakisubiri kile walichokwisha kukitolea jasho.

Hakuna mwamuzi aliyesimama karibu na mwandaaji akimhesabia dakika 5, dakika 10, dakika 1.

Mizozo ya ushindi wa chee katika pool ya kulipwa hujadiliwa karibu kila mara kama ugomvi wa watu wawili: nani alichelewa, nani alikataa kucheza, nani alifungua fimbo yake kabla ya wakati. Mashabiki wanagawanyika, huyu anamtetea aliyenyimwa, yule anamtetea aliyepewa. Naona tunamkazia macho mtu ambaye deni lake ni dogo. Katika mizozo mikubwa ninayoifahamu, wachezaji wawili walibebeshwa gharama ya jambo ambalo mwandaaji au shirikisho lilipaswa kuliamua, kulitangaza au kulilipia mapema. Saa inamfunga mchezaji peke yake, na hilo ndilo linaloifanya kanuni nzuri ionekane ya uonevu.

Maana kanuni yenyewe ni nzuri, na nitaitetea kwa sababu wapo wanaotaka ilegezwe. US Open ya pool ya mipira 9 ya mwaka 2019, ya kwanza kuendeshwa na kampuni ya Matchroom, ilifanyika Las Vegas ikiwa na wachezaji 256. Raundi ya kwanza ya droo ya namna hiyo ni mechi 128. Tuseme ukumbi una meza 32. Kila meza itapokea mechi 4 za raundi hiyo. Kila mechi ikichelewa kuanza kwa dakika 15, ya nne inamalizika saa nzima nyuma ya ratiba, na hapo hatujagusa raundi ya pili wala mechi za waliopoteza mara moja, ambao katika mfumo wa kupoteza mara mbili bado wana safari ndefu ya kurudi. Mchezaji aliyefika mapema ndiye anayelipa kwa kucheza usiku wa manane, mgongo ukiuma, macho mazito, huku aliyesubiriwa akija amelala vizuri. Kumvumilia anayechelewa ni kumwadhibu aliyewahi.

Kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na ile desturi ya kumwachia mpinzani aamue. Mara nyingi hutokea hivi: dakika zimekwisha, mwamuzi anamgeukia aliyekaa mezani na kumuuliza kama yuko tayari kumsubiri mwenzake kidogo. Swali hilo linafanana na uungwana, na kumbe ni mzigo. Akikubali, amejinyima haki yake. Akikataa, jioni hiyo hiyo ataitwa mwoga aliyeogopa kucheza, mtu wa kutafuta ushindi wa bure. Tena haki yenyewe si yake peke yake. Kwenye droo kuna mtu wa tatu, yule atakayekutana na mshindi wa mechi hiyo, ambaye hakuulizwa chochote. Mechi ikisogezwa mbele, naye saa yake imesogezwa. Uamuzi wa aina hii uwe wa msimamizi, utolewe kwa sauti, na mpinzani asihusishwe hata kwa neno moja.

Ila ukiisifu kanuni ya dakika 15, lazima uulize dakika hizo zinaanza kuhesabiwa lini. Hapa mambo yana utata zaidi kuliko mashabiki wanavyodhani. Saa iliyoandikwa kwenye ratiba ya pool ni makadirio. Mechi ya kufikisha raki 9 au 11 (raki ni mchezo mmoja, tangu mipira ipangwe hadi umalizike) inaweza kumalizika haraka ikiwa mmoja anavunja, yaani anapiga pigo la kwanza la kutawanya mipira, na kumaliza meza mfululizo, na inaweza kuvutana hadi mpira wa mwisho wa raki ya mwisho. Mchezaji aliyeambiwa saa tisa alasiri anaweza kukaa ukumbini hadi saa moja usiku akiangalia meza aliyopangiwa, akiogopa kwenda kula asije akaitwa. Anapoinuka hatimaye kwenda msalani au kutafuta chakula, ndipo meza inapokuwa wazi. Mechi ikihamishiwa meza nyingine, tangazo linatolewa kwa kipaza sauti, kwa Kiingereza, kwenye ukumbi wenye mamia ya watu na mipira inayogongana, na wanaolengwa ni Mfilipino, Mpolandi, Mvietnamu na mtu wa Taiwan. Mwandaaji amechelewa kwa saa nne na hajapoteza kitu. Mchezaji amechelewa kwa dakika 16 na amepoteza mashindano.

Ukikaa kwenye baa ya Dar es Salaam au Nairobi yenye meza ya pool utaona utaratibu ulio wazi kuliko huo. Anayetaka kucheza anaweka sarafu yake ukingoni mwa meza, nyuma ya sarafu za waliomtangulia. Foleni inaonekana na kila aliyepo, hata asiyejua kusoma. Zamu ikifika mwenye sarafu hayupo, inampita, lakini sarafu yake hakuna anayeichukua. Mashindano ya kulipwa yenye kamera na wadhamini yanashindwa kutoa mambo hayo mawili: foleni inayoonekana, na adhabu ya zamu isiyogusa kile ulicholipa.

Kinachonivutia ni kwamba pool yenyewe, ndani ya kanuni zake za uchezaji, inajua kabisa namna ya kuadhibu kwa haki. Chukua kanuni ya faulo tatu katika mchezo wa mipira 9. Mchezaji akifanya faulo tatu mfululizo bila kupiga pigo halali katikati yake, amepoteza raki hiyo. Ni adhabu nzito, maana unaweza kumpoteza mtu raki akiwa bado ana nafasi ya kuishinda. Wachezaji wajanja huitumia kama silaha: anamficha mwenzake mpira mweupe nyuma ya mipira mingine, mara ya kwanza, mara ya pili, na akishafikisha faulo mbili mkono unaanza kutetemeka. Lakini kanuni haikuishia kwenye adhabu. Inadai kwamba kati ya faulo ya pili na ya tatu mchezaji aonywe waziwazi kuwa yuko kwenye faulo mbili. Asipoonywa, faulo inayofuata haimpotezei raki. Anabaki alipokuwa, kwenye mbili. Kosa la kutoonya linabebwa na aliyepaswa kuonya.

Snooker, mchezo mwingine wa fimbo na mipira mezani, nayo ina kanuni ya jamii hiyo. Mchezaji anayeuona mpira wake mzima bila kizuizi, akashindwa kuugonga mara mbili mfululizo na mwamuzi akatangaza kwamba hakufanya juhudi ya kutosha, anaonywa kwamba akikosa mara ya tatu fremu, kama raki inavyoitwa huko, inakwenda kwa mpinzani. Onyo ni sehemu ya adhabu. Bila onyo adhabu haijakamilika.

Ukilichukua wazo hilo na kulipeleka kwenye meza ya msajili, nusu ya mizozo ya kuchelewa itakufa. Kama mwandaaji hana rekodi kwamba alimwita mchezaji mara tatu, kwa jina, kwa meza na kwa saa, basi asiwe na uwezo wa kumpoteza mechi. Siku hizi ujumbe wa simu unaonyesha dakika uliyotumwa. Kinachokosekana ni sharti la kulazimisha.

Kuna somo jingine kutoka mezani. Mwaka 2001, fainali ya US Open, Corey Deuel alimfunga Mika Immonen wa Finland 11-0. Deuel alikuwa amegundua kwamba akivunja taratibu badala ya kwa nguvu, mipira ilijipanga karibu kila mara kwa namna aliyoitaka, na mmoja uliingia mfukoni. Watu wengi walichukia, walitaka nguvu na mshindo. Lakini hakuna aliyemnyang'anya taji, kwa sababu hakuvunja kanuni yoyote iliyokuwepo asubuhi ile. Miaka iliyofuata kanuni za uvunjaji zikaongezewa masharti: mipira kadhaa ivuke mstari fulani, mpira mweupe upigwe kutoka eneo lililobanwa. Kwenye baadhi ya mashindano hata upangaji wa mipira kabla ya kuvunja ukaondolewa mikononi mwa wachezaji. Sikubaliani na kila sharti lililoongezwa, baadhi yameufanya mchezo kuwa na milolongo isiyo ya lazima. Utaratibu, hata hivyo, ulikuwa sahihi: kasoro imeonekana, kanuni imebadilishwa, imetangazwa, na imeanza kutumika kwa wote kuanzia mashindano yanayofuata.

Lishike hilo mkononi tunapofika kwenye jambo zito zaidi, la mchezaji anayeamua mwenyewe kutocheza.

Kanuni za WPA zinasema anayekubali kushindwa amepoteza mechi. Zinakwenda mbali zaidi: ukifungua fimbo yako ya vipande viwili wakati mpinzani yuko mezani katika raki ya kuamua mechi, kitendo hicho kinahesabiwa kuwa umekubali kushindwa. Asiyeijua pool anaweza kuona huo ni ukali usio na maana. Ila fimbo inayofunguliwa mbele ya mtu anayelenga mpira wa mwisho ni maneno kamili. Inamwambia "umeshanimaliza", na inaweza kumvuruga zaidi ya kelele. Kanuni imechagua kuyachukua maneno hayo kama yalivyosemwa.

Desemba 2006, mjini York, katika robo fainali ya UK Championship ya snooker, Ronnie O'Sullivan alikuwa nyuma 4-1 dhidi ya Stephen Hendry katika mechi iliyopangiwa fremu 17. Katikati ya fremu ya 6 alimpa mkono Hendry, akampa mkono mwamuzi Jan Verhaas, akatoka ukumbini. Hendry akaingia nusu fainali. Mwaka uliofuata O'Sullivan alitozwa faini ya pauni 20,800 na kukatwa pointi 900 za viwango vya dunia. Naona adhabu ile ilikuwa ya haki. Kuna watu waliolipa tiketi, kuna televisheni iliyopanga vipindi, na kuna mpinzani aliyestahili kushinda kwa kucheza. Mchezaji aliyejiondoa alipoteza mechi, kisha fedha, kisha pointi. Alilipa mara tatu kwa uamuzi mmoja, na mfumo mzima uliona hilo ni sawa. Miezi mitatu kabla ya York, Reno ilikuwa imewaacha wachezaji bila fedha walizoshinda. Nani alikatwa pointi?

Kisha kuna Novemba 2023, Prestatyn, Wales, fainali ya wanawake ya Champion of Champions katika pool ya Kiingereza. Lynne Pinches alimwachia mechi Harriet Haynes, mwanamke aliyebadili jinsia, kwa sababu aliona si haki kwa Haynes kucheza katika kundi la wanawake. Hakuna mzozo wa pool wa miaka ya karibuni uliosambaa duniani kama huo, na wengi walioujadili hawakuwahi kushika fimbo maishani mwao. Wapo waliomwona Pinches shujaa, wapo waliomwona mkatili kwa mwenzake aliyekuwa amefuata kila kanuni iliyowekwa mbele yake.

Sitazami hapa nani kati yao alikuwa na haki katika suala la jinsia na michezo. Natazama tarehe. Agosti 2023 WEPF, shirikisho la dunia la pool hiyo, na kampuni ya Ultimate Pool inayoandaa mashindano yake zilitangaza kwamba kundi la wanawake litakuwa la waliozaliwa wanawake pekee. Oktoba mwaka huo huo zikabadili msimamo na kuruhusu tena. Novemba fainali ikaja. Ndani ya miezi mitatu wanawake wale wawili waliambiwa jambo moja, kisha kinyume chake, kisha wakakutanishwa mezani mbele ya watazamaji ili wao ndio waonekane wanagombana. Aprili 2025, baada ya Mahakama ya Juu ya Uingereza kutoa uamuzi wake kuhusu maana ya mwanamke katika sheria ya usawa, Ultimate Pool ikafunga mlango tena. Agosti 2025 Haynes akashindwa kesi yake dhidi ya shirikisho la pool ya blackball la England katika mahakama ya Canterbury, jaji akiona kwamba pool ni mchezo ambao jinsia ina athari kwa ushindani.

Msimamo wowote kati ya hiyo miwili ungeweza kutetewa kwa hoja. Usioweza kutetewa ni kuyumba. Kama ingekuwa faulo ya tatu, mwamuzi angeulizwa: uliwaonya? Uliwaambia mapema kanuni ni ipi na itadumu kwa muda gani? Waandaaji hawakuulizwa. Haynes alibaki na taji lisilo na mechi, Pinches akabaki na mechi isiyo na taji, na walioandika na kufuta kanuni walirudi ofisini kupanga mashindano yanayofuata.

Fedha ndiyo sehemu yenye kidonda kikongwe zaidi, na Reno haikuwa ya kwanza. Mwaka 1996, mjini Dallas, Texas, ilitangazwa zawadi ya dola milioni 1 kwa mchezaji atakayevunja na kumaliza raki 10 mfululizo za mipira 9. Wengi walidhani haiwezekani, na ndiyo maana zawadi ikakatiwa bima. Earl Strickland alimaliza raki 11. Badala ya sherehe, ukaanza mvutano na upande wa bima kuhusu kama zawadi inapaswa kulipwa, na suala likaingia mikononi mwa wanasheria kabla ya kufikiwa suluhu. Hebu lipime jambo hilo kwa kipimo cha dakika 15. Mtu amefanya lisilowezekana, mbele ya mashahidi, na bado mzigo wa kuthibitisha kwamba anastahili umewekwa kichwani kwake.

US Open nayo, ilipokuwa bado Virginia kabla ya kuuzwa kwa Matchroom, ilikuwa na miaka ambayo washindi walisubiri malipo yao hadi subira ikaisha. Wachezaji kupitia chama chao walifikia hatua ya kudai fedha ziwekwe kwa mtu wa tatu kabla ya mashindano kuanza. Nakumbuka namna dai hilo lilivyopokelewa na baadhi ya mashabiki, kama utovu wa shukrani kwa mashindano yaliyowapa jina. Dai lilikuwa la kawaida mno. Mchezaji analipa ada yake ya ushiriki kabla ya kuingia kwenye droo, asipolipa, hachezi. Alichodai ni kwamba na mwandaaji aweke fedha mezani.

Mvutano wa WPA na Matchroom, uliopamba moto mwaka 2024, umeonyesha kwamba hata fedha zikiwepo mchezaji anaweza kunyang'anywa uwanja kwa njia nyingine. Shirikisho lilidai mamlaka ya kutoa kibali. Kampuni ilikuwa na fedha, televisheni na kalenda. Wachezaji walitishiwa kufungiwa kwa kushiriki mashindano yasiyo na kibali cha shirikisho, yaani walitakiwa kuchagua kati ya mkate wa mwezi huu na haki ya kuwakilisha nchi zao. Kufungiwa kwa namna hiyo ni ushindi wa chee wa jumla: unapoteza mechi ambazo hata droo yake haijapangwa, kwa ugomvi ambao hukuuanzisha.

Kuna uzito mwingine, mdogo kwa sura, ambao waandaaji hawapendi kuuzungumzia. Msimamizi wa mashindano ni mwajiriwa wa mwandaaji. Huyo huyo ndiye anayeamua kama dakika 15 zimekwisha. Kwenye meza ya televisheni yuko nyota aliyeuza tiketi, na kwenye meza ya pembeni yuko kijana asiyejulikana ambaye ada yake ndiyo mchango wake pekee kwa mapato ya siku. Sihitaji kumshuku msimamizi yeyote kuona kwamba amewekwa mahali pabaya. Akitangaza kwamba nyota amepoteza, tajiri wake anapata hasara. Akitangaza kwamba kijana amepoteza, hakuna anayegundua. Mwenye mamlaka ya kutangaza ushindi wa chee asilipwe na anayenufaika na tangazo hilo. Mwamuzi mkuu aletwe na shirikisho, na rufaa isikilizwe kabla raundi inayofuata haijaanza, kwa sababu rufaa inayosikilizwa baada ya wiki mbili haimrudishi mtu mezani.

Kwenye mashindano ya makundi, mfumo uliotumiwa na IPT, tatizo ni gumu zaidi na nadhani halijawahi kutatuliwa vizuri. Katika kundi la watu 5 wanaopita ni wachache, na wakilingana kwa ushindi huangaliwa asilimia ya raki walizoshinda. Mmoja amepoteza mechi 3, hana tumaini, anaamua kuwahi ndege na kuiacha mechi ya nne. Mpinzani wake anapewa 8-0 ya chee. Wenzake waliomfunga mtu huyo huyo kwa 8-6, kwa saa mbili za jasho, sasa wako nyuma ya mpinzani huyo kwa asilimia. Ukifuta matokeo yote ya aliyeondoka, unamdhulumu aliyemfunga kwa haki, jasho lake linakuwa la bure. Ninachokiona kuwa na uonevu mdogo kuliko vyote ni hiki: mpinzani apewe ushindi, lakini raki za mechi hiyo zisihesabiwe kwenye asilimia. Na aliyeondoka alipe faini, maana hapo mwenye kosa ni mchezaji bila ubishi wowote.

Waandaaji wadogo watasema masharti haya yatawaua. Kuweka zawadi benki kabla ya mashindano kunahitaji mtaji, mwamuzi wa kujitegemea anahitaji nauli, mfumo wa ujumbe wa simu unahitaji mtu wa kuuendesha. Wana hoja, na sitaki mashindano yao yafe, kwa sababu hao wakubwa wote walilelewa kwenye vilabu vidogo. Lakini hakuna anayewalazimisha kutangaza zawadi wasiyo nayo. Vilabu vingi vya Marekani vinaendesha mashindano ya wikiendi kwa kukusanya ada mlangoni, kuongeza kiasi kidogo kutoka kwenye mauzo, kuandika jumla ubaoni kabla ya raki ya kwanza kuvunjwa na kugawa fedha taslimu usiku wa fainali. Bango linalotangaza kile kilichomo kwenye sanduku pekee linatosha kwao. Anayetaka kuandika milioni kwenye bango lake aambatanishe barua ya benki kwenye fomu ya usajili, na wachezaji wenye majina makubwa, ambao bango lenyewe halina thamani bila picha zao, wakatae kusaini fomu isiyo na barua hiyo.